Jinsi nilivyouondoa mathenge shambani kwangu Baringo

Mathenge, mti wenye asili ya Amerika ulioletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ulikuwa umelifunga shamba langu hata mbuzi wakakosa njia. Nilipoukata kwa panga ulichipua mashina mengi zaidi, na nilipouchoma ulirudi na mvua.

Kilichofaulu ni kuchimba kuzunguka shina na kuukata mzizi mkuu kwa shoka, kama sentimita 30 chini ya uso wa ardhi. Machipukizi hutoka pale shina linapokutana na mzizi, sehemu nene yenye vinundu ambayo huonekana ukipangusa udongo. Ikibaki ardhini, mti hurudi. Ni vyema kuchimba udongo ukiwa na unyevu, na kuvaa viatu vigumu, kwa maana miiba yake hutoboa hata magurudumu.

Mbuzi hupenda maganda yake matamu, na mbegu nyingi hutoka katika kinyesi zikiwa nzima, tayari kuota. Kwa hiyo sasa nayasaga maganda hayo kabla ya kuwalisha. Miche inayojitokeza naing'oa ingali laini, na nyasi za malisho nilizopanda zimeanza kushika.