Siku Moja Maishani Mwangu: Tiketi ya Magomeni, Mche wa Kimboza

Saa 11:00 alfajiri

Adhana ya alfajiri imenikuta nimeshaketi kitandani, nikisubiri simu kutoka Morogoro. Naishi Kimara, Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuratibu mambo ya mazingira katika tamasha la muziki la siku moja linalofanyika leo, Jumamosi ya Februari, kwenye uwanja wa wazi Magomeni. Sehemu ya kila tiketi ya tamasha hili inalipia ufufuaji wa ardhi iliyoharibika ya msitu wa Kimboza, chini ya Milima ya Uluguru. Anayenipigia ni mama anayeongoza kikundi cha kitalu katika kijiji jirani na msitu huo, na kwa kuwa kijijini kwao mtandao unashika vizuri kilimani tu, hupanda kilima kwanza ndipo ateremke shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje huko mjini?"

Baada ya salamu ananieleza kwamba miche ya mkangazi imefikia urefu wa goti, na kwamba mivule ameihamishia chini ya migomba kwa sababu majani yake yalianza kuota vivimbe. Mvule ni mti wenye tabia hiyo: ukiulea juani peke yake, wadudu wadogo hutaga mayai kwenye majani machanga, yakavimba na kuoza, na ncha ya mche ikafa. Ukiwa kivulini, umechanganyika na miti mingine, husalimika zaidi. Jambo hilo sikulijua mwaka wa kwanza. Mama huyu alilijua, ila hakuna aliyemuuliza.

Saa 1:30 asubuhi

Ndani ya basi la mwendokasi nimesimama nikiwa nimekumbatia mche mmoja wa mkangazi, uliokuja na lori la ndizi juzi usiku hadi soko la Mabibo. Kiriba chake si cha plastiki. Kimefumwa kwa magamba makavu ya mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba huohuo, na kitazikwa pamoja na mche kikaozee shimoni. Mche umelowanisha mkono wangu wa shati. Kijana aliyeketi karibu ameuliza unakwenda wapi, nami nimemweleza kwamba leo utakaa mlangoni pa tamasha ili kila anayekata tiketi aone analipia nini, kisha utarudi Morogoro ukapandwe masika yakianza.

Abiria wenzangu huuliza sana kwa nini Kimboza, wakati misitu iliyoharibika ni mingi. Kimboza ni msitu mdogo, wa takribani hekta 400, uliosimama juu ya miamba ya chokaa, na ni miongoni mwa misitu michache ya mvua ya nyanda za chini tuliyobaki nayo. Humo huishi mjusi mdogo wa rangi ya buluu, dume lake likiwa limekolea kama wino, ambaye makao yake ni katikati ya majani ya aina ya mkadi. Aliwahi kukamatwa kwa wingi ili akauzwe kama mnyama wa kufugwa majumbani huko Ulaya, na wakamataji walikata mikadi ili kumfikia, mpaka mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku. Tena Mto Ruvu, unaotupatia sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, unapita jirani. Waliokuwapo hapa mjini Oktoba 2022, maji yalipogawiwa kwa zamu kwa sababu Ruvu ilipungua, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa Magomeni aijali milima ya Uluguru.

Tatizo kubwa la Kimboza lina jina: Cedrela odorata, yaani sedrela, mti wa kigeni wenye asili ya Amerika ya kitropiki, uliopandwa humo miongo kadhaa iliyopita kwa ajili ya mbao. Mbegu zake ni nyepesi, zina bawa, zinapeperushwa na upepo, na popote mwanga unapoingia msituni ndipo zinapoota, zikakua upesi kuliko miti mingi ya asili. Ukiukata, kisiki kinachipua tena. Ukiuangusha ukiwa mkubwa, unaponda miche ya asili iliyo chini yake na kufungua dirisha la jua linaloalika sedrela nyingine mia. Ndiyo maana unamenywa gome kuzunguka shina na kuachwa ufe taratibu ukiwa umesimama, huku miche ya asili ikipandwa chini yake. Kazi hii hufanywa kwa kibali na chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu, si kwa mtu kujiendea tu na panga.

Saa 3:00 asubuhi

Uwanjani nimeanza na umeme. Miaka miwili iliyopita tulikodi jenereta la dizeli, likanguruma nyuma ya jukwaa siku nzima. Leo tumeunganishwa kwenye gridi ya taifa, inayolishwa na gesi asilia na maji, likiwamo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Taa ndogondogo na vibanda vinatumia sola. Fundi sauti alitaka jenereta la akiba, tukakubaliana kwamba liwepo ila lisiwashwe mpaka umeme ukatike.

Mama lishe wote sita wanapikia gesi, na hilo lilikuwa sharti la kupewa kibanda. Mkaa unaochomwa Dar es Salaam ni miti iliyokatwa mikoani, na haielekei tukusanye fedha za kufufua msitu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukichochea mkaa. Serikali yenyewe, katika mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imelenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mama mmoja alilalamika kwamba pilau ya gesi haina ladha ya mkaa. Nimeionja, ni pilau nzuri kabisa.

Vinywaji vinauzwa katika vikombe vigumu vinavyooshwa, kwa amana ya shilingi 1,000 inayorudishwa kikombe kikirudi. Mifuko ya plastiki tuliiaga kisheria tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa ndogo za maji bado ndizo zinazofunika viwanja vyetu baada ya kila sherehe, kwa hiyo tumeweka matangi ya maji na kuwaomba watu waje na chupa zao.

Saa 5:00 asubuhi

Saa nzima nimekuwa kwenye mapipa pamoja na vijana wanane wanaotenganisha taka. Kinachosalia mwisho wa siku hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, nasi tunataka kiwe kidogo. Maganda ya nanasi, ndizi na miwa hayaendi huko. Yanaingia kwenye matenki ya mboji, na mboji ikiiva hupanda lori la ndizi linalorudi Morogoro tupu.

Vijana hawa nimewasimulia habari ya Kosta Rika, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nisiyadharau maganda. Katika miaka ya 1990, kwenye eneo la hifadhi la Guanacaste, takribani tani 12,000 za maganda na masalia ya machungwa kutoka kiwandani zilimwagwa juu ya malisho yaliyochakaa ya hekta tatu, kwa ushauri wa wanaikolojia Daniel Janzen na Winnie Hallwachs. Kesi mahakamani ilikatisha mpango huo, na mahali pale pakasahaulika. Watafiti waliporudi baadaye walikuta pamefunikwa na miti, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba uzito wa mimea ya juu ya ardhi ulikuwa umezidi kwa asilimia 176 ule wa eneo la kando yake lisilomwagiwa kitu. Sisi tuna madumu na matenki, hatuna malori elfu moja, wala sidai kwamba tutafika walikofika wao. Ila udongo uliochunwa na moto na jua unahitaji kulishwa kwanza, na chakula chake tunakitupa jalalani kila siku.

Saa 7:00 mchana

Kikao cha mchana kimenikalia vibaya. Kampuni moja ilikuwa tayari kutupa fedha nyingi, kwa sharti kwamba tupande miche elfu kadhaa kwa siku moja mbele ya kamera, na kwamba iwe miti inayokua haraka ili mabadiliko yaonekane mapema pichani. Nimewaeleza kwamba sedrela nayo ilipelekwa Kimboza kwa sababu inakua haraka. Nimewaeleza pia yaliyotupata mwaka wa kwanza: tuliahidi kutoa faida ya tamasha, gharama zikala faida yote, na miche tuliyokuwa tumeipanda kwa mbwembwe ikakosa fedha ya palizi. Nyasi zikaifunika, kiangazi kikaikausha, na nilipokwenda kuihesabu nilitembea mstari mzima nikiokota vijiti. Nililia njiani, na mama wa kitalu akanishika bega bila kusema neno.

Tangu hapo fedha ya msitu haisubiri faida. Kila tiketi ya shilingi 15,000 inakatwa shilingi 5,000 palepale mlangoni, inaingia kwenye akaunti ya kikundi, na sehemu kubwa yake si ya kupanda. Ni ya palizi mara tatu kwa mwaka kwa miaka mitatu, na ya kurudishia miche iliyokufa. Walinzi wa miche wanalipwa kwa siku za kazi, si kwa idadi ya miche iliyopona tu, maana ukame si kosa lao. Kampuni imeomba muda wa kufikiri. Sijui kama itarudi, na sikuwa na jibu jingine la kuwapa.

Saa 9:00 alasiri

Mzee anayetengeneza ngoma na magitaa amefika na vijana wake wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo ambayo kwa mitaa ya Magomeni haihitaji tangazo. Amenipa kipande cha ubao mwekundu hafifu, akaniambia ninuse. Kina harufu tamu, kavu, kama kabati la zamani. "Binti, huu ndio mti wako unaoupiga vita," akasema. Ni sedrela. Amenieleza kwamba shingo za magitaa mengi ya nyuzi laini hutengenezwa kwa mbao hii, kwa kuwa ni nyepesi na haipindi, na kwamba sisi tunaacha mali ioze ikiwa imesimama.

Hoja yake ni nzito. Kule kwao Amerika mti huohuo umekatwa mpaka umeingia kwenye orodha ya miti iliyo hatarini, na biashara yake inadhibitiwa. Huku kwetu ni gugu. Lakini naogopa soko. Mbao za sedrela ya msituni zikianza kununuliwa, atatokea mtu wa kutaka iendelee kuota, na mwingine atakayeingia na msumeno akatoke na mkangazi, kwa kuwa miti hiyo ni ya familia moja na ubao wa mmoja hufanana na wa mwingine machoni pa asiyejua. Tumeafikiana jambo dogo: atachukua sedrela zilizopandwa kwenye mashamba yanayopakana na msitu, ambazo ndizo zinazomwaga mbegu ndani kila upepo unapovuma, na atazinunua kwa wenye mashamba kupitia kikundi. Mashamba yale ni ya koo, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mazungumzo yataanza na akina mama.

Saa 12:45 jioni

Muziki umesimama kwa ajili ya adhana ya magharibi, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Watu wamekaa chini, wengine wamekwenda kuswali, na uwanja umetulia mpaka nikasikia vikombe vikigongana kwenye beseni. Wengi wamekuja kwa mwendokasi na daladala. Tulichagua Magomeni kwa sababu hiyo hasa: safari za watazamaji ndizo zinazochafua hewa kuliko kitu kingine katika matamasha mengi, na hakuna sola itakayofuta foleni ya magari elfu.

Kati ya mdundiko na singeli nimepewa dakika tatu jukwaani. Sikuhutubia. Nimeunyanyua mche wa mkangazi, nikawasomea hesabu ya mwaka jana kama tulivyoikuta Kimboza: miche 410 ilipandwa, 297 ilikuwa hai mwezi Desemba. Kisha nikasoma mahali iliyokufa ilipokufia, na sababu. Mtu mmoja mbele alipiga kelele, "Hiyo 113 irudishieni!" Uwanja ukampigia makofi, na vijana wa singeli wakaingia humohumo na kasi yao.

Saa 5:30 usiku

Kibali chetu kiliisha saa 5:00, na spika zilizimwa saa 5:00. Vijana wa mapipa wamepima taka: maganda yamejaza matenki yote mawili, na chupa za plastiki ni magunia saba, mawili zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu tangi moja la maji lilikauka saa moja usiku na hakuna aliyekuwa na zamu ya kulijaza. Hilo ni langu. Mwakani kila tangi litakuwa na mtu wake.

Saa 7:00 usiku

Nimehesabu vishina vya tiketi na mweka hazina mara mbili, tukatuma fedha ya kikundi, na nimeandika kwenye daftari tarehe ya palizi ya kwanza: wiki ya mwisho ya Mei, nyasi zikiwa juu. Ujumbe wa mama wa kitalu nimeukuta simuni, ameutuma tangu jioni alipopanda tena kilimani. Anauliza kama lori la Jumatatu litakuwa na nafasi ya mboji, na anakumbusha mche wake wa mkangazi usisahauliwe mlangoni. Upo hapa, miguuni pangu, nimeumwagilia.