Embe na mapengo ya binti yangu

Jamani mimi kufuga ndege sikuwahi kuwaza, kuku sawa ila kasuku hapana. Binti yangu ana miaka saba, mwaka jana mzima alikuwa ananililia kasuku wa kijivu, yule anayeongea, ikabidi nimkalishe nimwambie ukweli kwamba wale wanatoka misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, wamekamatwa mpaka wakapungua sana na tangu 2017 kuuza wale wa porini nje ya nchi ni marufuku. Akanyamaza, afu akauliza, "Baba, kwa hiyo mama zao walibaki huko porini?" Yani nilikosa jibu. Hajanitajia tena kasuku wa kijivu.

Ndo tukapata kokateli. Nae ni kasuku ila mdogo, asili yake Australia, huyu wetu kaanguliwa hapa hapa Dar kwa jamaa anayefuga. Mwili kijivu, uso wa njano, kila shavu lina duara la rangi ya chungwa, mtoto akamwita Embe.

Siku ya kwanza alizamisha mkono wote kwenye tundu. Embe akalaza shungi, akafoka fyuuu kama nyoka, akamng'ata kidole. Binti alilia sana na kilichomliza wala sio kidole, alikuwa anasema "hanipendi, baba, hanipendi". Nikamwambia binti, "Mama yangu, usimlazimishe, kaa nae tu karibu." Basi kila akitoka shule anavuta kigoda pembeni ya tundu anasoma kitabu chake cha Kiswahili kwa sauti bila kumwangalia ndege, wiki mbili, mtoto ambaye kula tu hakai chini akamaliza sahani. Siku moja akapitisha suke la mawele kwenye nyaya, Embe akaja kiupande upande, shungi limesimama wima, akachomoa punje moja akarudi nayo kwenye kijiti. Mtoto hata kupumua hakupumua mpaka ndege alipomaliza kutafuna.

(Kwa wenye ndege hawa, parachichi ni sumu kwao, tafadhali sana. Nilimpokonya binti kipande akiwa kashakinyoosha kwa Embe, nikamkaripia mpaka akatetemeka, baadae nikamuomba msamaha maana alikuwa anagawana chakula chake na rafiki yake.)

Afu kuna usiku umeme ulikatika, kokateli huwa wanashtuka sana gizani, akaanza kujipigiza kwenye nyaya mabawa pwata pwata. Nafika sebuleni nakuta binti kashawahi, kawasha tochi ya simu ya mama yake kaielekeza ukutani isimuumize macho, anamwambia taratibu "Embe ni mimi, ni mimi hapa". Ndege akatulia. Nilirudi kitandani sikusema kitu, ila nililala nimefurahi mno.

Kuongea haongei, anapiga mluzi. Binti ndo alimfundisha, kipindi hicho meno mawili ya mbele yametoka kwa hiyo mluzi ulikuwa unavuja upepo, fyiii-hhh. Embe akaushika hivyo hivyo na upepo wake. Sa hivi meno yameota, mluzi wa binti umenyooka kabisa, lakini Embe kila asubuhi nikifunua kitambaa cha tundu anatoa ule ule wa mapengo, na binti anamjibu kutoka chumbani kwa kubana ulimi ili na wake uvuje.