Karani wa Hewa

Sensa ya watu na makazi ilipita Agosti 2022, lakini mama hakumsahau karani aliyekaa barazani kwetu Ujiji akimuuliza mpaka habari za mifugo. Kwa hiyo Novemba ile, nilipomwambia natengeneza sensa ya hewa, aliweka ungo wa dagaa chini akanitazama.

"Hewa nayo siku hizi inahesabiwa?"

Ningembishia nini, na kweli kile kidude kinahesabu! SDS011, ndilo jina la hiyo sensa ya kupima vumbi la hewani, ina feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwale wa leza; chembe ikipita inarusha mwanga, jicho la ndani linaudaka. Zinazotafutwa ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, zile zinazopenya hadi kwenye vina vya mapafu. Tangu siku hiyo mama akakiita karani.

Kazi ilikuwa kumjengea karani nyumba, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Nikachukua kopo la chakula lenye kifuniko cha kubana, nikatoboa tundu moja la mrija wa kuvutia hewa, kwingine kote nikaziba kwa silikoni. Nilijisifu, maana hata sisimizi asingepenya. Asubuhi mama akawasha kuni abanike migebuka, moshi ukatutoa machozi sote, na karani akasoma mikrogramu 4 za vumbi kwa mita ya ujazo ya hewa. Nne! Hewa ya Ulaya hiyo. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba feni haiwezi kuvuta hewa mpya kama ya zamani haina pa kutokea.

Nikatoboa kifuniko matundu sita. Usiku upepo ukaja na mvua kutoka ziwani, ile inayopiga ukuta kwa ubavu. Alfajiri, hakuna jiko lililowashwa mtaa mzima, karani anasoma 999.9, ukomo wake. Matone ya unyevu alikuwa akiyahesabu kama vumbi. Na kwenye karatasi yake ya maelezo imeandikwa wazi kwamba unyevu ukizidi asilimia 70 si mahali pake. Saa mbili akazima kabisa. Nilipofungua kopo, maji yalimwagika miguuni.

Baba mdogo, fundi bomba, alikuwa amepita kunywa chai. Akageuza lile kopo mara mbili.

"Umeona wapi bomba la kupumulia la choo likiachama juu?"

Sikumjibu. Akaenda kwenye baiskeli yake, akarudi na elbo mbili za inchi 3, vile viungo vya bomba vilivyopinda, mabaki ya kazi ya watu. Akazichomeka moja kwenye nyingine, ikawa kama U iliyopinduliwa, midomo yote miwili ikitazama chini. Hewa inaingia na kutoka, ila mvua haipandi mlima. (Baadaye nilikuja kuona kwamba Wajerumani wa Stuttgart wanaopima hewa kwa karani kama huyu nao wanatumia elbo mbili za milimita 75. Nilimwambia. Akasema wamechelewa.)

Karani mwenyewe tulimkausha siku mbili juani, akaamka. Tukamfunga ndani ya mgongo wa ile U, mrija ukielekea chini. Mdomoni tukaweka kipande cha wavu wa dirisha, tukakaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, kuzuia buibui. Waya wa umeme baba mdogo aliulegeza ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondokee njiani. Tukatundika chini ya upenu.

Usiku ule ilinyesha tena. Nililala nusunusu. Asubuhi nikapapasa ndani kwa kidole, pakavu. Mama alikuwa tayari ana kuni mkononi, na moshi ulipoanza kupinda kuelekea upenuni namba zikapanda: 30, 85, 140.

"Anahesabu?" akauliza.

"Anahesabu, mama."

"Mwambie aandike kwamba nina wageni."