Niliitwa Koili

Kidato cha tano niliitwa Koili kwa muhula mzima, na jina hilo nilijitafutia mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa kusuka mota. Kibanda chake kilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba badala ya majina. Wateja wake wengi walikuwa watu wa mashine za kusaga na pampu za maji. Miaka ile ya tisini mgao wa umeme ulimwendea vizuri, ingawa hakupenda tuseme hivyo mbele za watu: umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, mota zinaungua, na iliyoungua inaletwa kwake ikinuka. Anatoa koili za zamani, yaani waya uliozungushwa ndani ya mota, anapima unene wa waya, anahesabu mizunguko ilikuwa mingapi, kisha anaanza na waya mpya wa shaba. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu. Nikifika mia na arobaini, mtu akapita akanisalimia, hesabu ikanipotea, Baba hakugomba. Alifungua waya wote, akasema, "Haya. Moja."

Mwaka 1997 shule yetu iliandaa siku ya wazazi, na kikundi cha maigizo kikapangiwa kipande cha Hamlet, mchezo wa Shakespeare, pale mwana wa mfalme wa Denmark anapojiuliza kama ni heri kuwapo au kutokuwapo. Kingeigizwa kwa Kiingereza. Lakini wazazi wasiojua Kiingereza nao walikuwa wanalipa nauli kuja, kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiingereza akaniagiza nitafsiri maneno yale, yasomwe kwanza kwa Kiswahili. Nilipojaribu kukwepa akanikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri mbili za Shakespeare huku akiwa Rais. "Wewe umeshikwa na shughuli gani?"

Nilikwenda vizuri mpaka nilipofika pale Hamlet anaposema kifo ni usingizi, na kinachotisha ni ndoto zitakazokuja tukishavua kitu anachokiita "mortal coil". "Mortal" nilikuwa nalo, ni cha wenye kufa. Nilipoona "coil" nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani ugenini. Nani shule nzima alizijua koili kunishinda? Nikaandika: "tukishajinasua katika koili hii ya kufa." Pembeni nikaongeza maelezo, ambayo nikiyakumbuka hadi leo natamani ardhi ipasuke, kwamba mwili ni mota, uhai ni waya uliosukwa ndani yake, na kufa ni siku waya unapoungua.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Alipofika hapo akasimama, akavua miwani.

"Binti, Shakespeare alikufa mwaka 1616. Umeme aliuona wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, alizungusha waya wake kwenye pete ya chuma mwaka 1831, miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Hilo nilikuwa nimefundishwa kidato cha tatu, sema halikunijia kichwani. Kabla ya kengele ya mapumziko nilikuwa nimeshaitwa Koili.

Aliniamuru niende maktaba. Tulikuwa na kamusi ya Kiingereza ya Shorter Oxford, ile ya majuzuu mawili, na bahati mbaya juzuu la kwanza ndilo mchwa walilolipenda. Jalada lilikuwa limekwisha, ila kurasa za C zilikuwa nzima. Nikaona "coil" zaidi ya moja, kila moja na mlango wake, kama kamusi zetu zinavyotenganisha paa wa porini na paa la nyumba. Kulikuwa na ile ya kamba na waya. Na kulikuwa na nyingine, ya kizamani, yenye maana ya kelele, vurugu, mshikemshike, watu kutimuliana vumbi. Hii ilianza kuandikwa karne ya 16, na asili yake haijulikani. Ile ya kuzungusha kamba, kwa tarehe za kamusi, iliingia maandishini miaka kama kumi baada ya Hamlet. Kwa hiyo Shakespeare hakunyang'anya neno lolote kwenye kibanda cha Baba. Maneno mawili yaligongana tu kwa herufi, moja likafa, lililobaki likarithi hata kauli za marehemu.

Nilirudi kwa mwalimu nimenywea. Nadhani alinionea huruma, maana alinikalisha kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu akaanza kunihesabia kwa vidole mahali neno hilo linapotokea. Katika Romeo and Juliet, yaya wa Juliet analitoa akihema, anapoletewa maswali mengi kuliko pumzi zake. Katika Much Ado About Nothing mjakazi anakuja mbio kumwita binamu wa bibi yake kwa sababu nyumbani kumewaka. Katika The Tempest, Prospero anauliza kama kuna yeyote ndani ya jahazi aliyebaki na akili zake katikati ya dhoruba ile. Lakini lililonikaa ni la King John. Kuna mtoto, Arthur, ambaye mama yake na bibi yake wanarushiana maneno juu yake mbele ya wafalme wawili, nani mwenye haki ya kiti. Mtoto analia, anasema heri angelazwa kaburini, yeye hastahili "coil" yote hii inayofanywa kwa ajili yake. Kaburi na vurugu ziko pamoja hata hapo. Yeyote aliyewahi kusimama katikati ya wakubwa wanaogombania mtoto anajua kilio hicho, na hahitaji kamusi.

Leo Waingereza hawalitumii tena kwa maana hiyo, isipokuwa ndani ya kauli ile moja ya Hamlet, na wengi wao, mwalimu aliniambia akicheka, wanawazia waya kama wewe. Hili halikunishangaza. Sisi tunasema timu imetia pointi tatu kibindoni, na msemaji hajawahi kufunga kibindo maisha yake yote.

Nikabaki na kazi ya kutafuta neno. Unaweza kudhani Kiswahili kingeniokoa mara moja, maana kwa fujo hatuna umaskini wa maneno. Niliyaandika kwenye daftari mpaka ukurasa ukajaa. Fujo lilinuka mawe na vijana. Ghasia ni ya sokoni. Rabsha inaishia polisi. Kizaazaa kina kicheko ndani yake, na patashika haiendi bila nguo kuchanika. Sokomoko nililipenda sana, lakini huwezi kumweka mwana wa mfalme anayewaza kujiua akataja sokomoko, wazazi wangecheka. Na yote yalikuwa na kasoro moja: vurugu unaikimbia au unaituliza, huivui. Hamlet anaongea kana kwamba kitu hicho kimemvaa.

Jumamosi nilikuwa kibandani, nimekaa juu ya debe, nahesabu. Baba akaniuliza mbona nahesabu kama msiba. Nikamweleza yote, pamoja na kicheko cha darasa. Alisikiliza bila kuinua kichwa, mikono ikiendelea.

"Kwa hiyo kuna koili ya waya na koili ya balaa."

"Ndiyo, Baba. Hazihusiani."

"Kwa Kiingereza hazihusiani." Akavuta waya, akaubana kwa kidole gumba. "Hapa nafanya nini?"

"Unazungusha waya."

"Marehemu bibi yako alipokuwa akizungusha uzi kwenye kijiti alisema anatatiza. Nami hapa natatiza waya. Ukitatiza vibaya unapata nini?"

Sikujibu. Nilikuwa nimeshapoteza hesabu.

"Unapata tatizo," akasema. "Uzi ukijisokota hovyo umetata. Watu wakishindwa kuelewana, kuna utata. Sasa wewe unatafuta nini mjini?"

Nilitoa daftari palepale. Ukizonga uzi umetatiza, na mtu aliyezongwa na dunia naye ametatizwa. Kisha nikaona kitu ambacho Baba hakukitaja: kutatua. Unatatua uzi uliojifunga, unatatua shauri, na hata kuchana nguo ni kuitatua. Niliandika: "tukishautatua utata huu wa wenye kufa." Koili mbili zilizokuwa na milango miwili kwenye kamusi ya mchwa, kwetu zilikuwa zinalala chumba kimoja.

Baba akafungua waya. "Haya. Moja."

Mwalimu alisoma mstari ule Jumatatu, akausoma tena kwa sauti, kalamu nyekundu ikiwa hewani. Hakuandika tiki. Aliandika alama ya kuuliza, ndogo, kisha akasema, "Umeponyoka," akageukia daftari la mwenzangu. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele.

Siku ya wazazi nilisoma tafsiri nimeshika karatasi kwa mikono yote miwili isionekane inavyotetemeka. Kipaza sauti kilikoroma. Watoto wa majirani walikuwa wamepanda madirishani, mwalimu wa zamu anawashusha, wanapanda tena, na nilipofika kwenye utata wa wenye kufa kuna mama alikuwa anampigia kelele muuza karanga ampishe aone jukwaa. Sijui ni wangapi walisikia. Baba alikuwa safu ya tatu, amevaa shati lake la Idi, vidole vikiwa bado vyeusi kwa ile dawa ya kupaka koili isiyotoka kwa sabuni.

Tulirudi nyumbani kwa baiskeli, mimi nimekaa nyuma. Hakusema neno mpaka tulipokaribia Ngamiani.

"Yule kijana," akauliza, "mwishowe alikufa?"

"Alikufa, Baba. Karibu wote walikufa."

Akanyonga pedeli kidogo.

"Basi alikuwa na haki ya kuuliza."