Kupangiwa kidato cha kwanza Tanga: pimeni njia, mpaka wa kata hautoshi

Kila orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza inapotoka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, mwezi Desemba, ofisi za elimu hapa Tanga hujaa wazazi. Huyu analalamika kwamba mtoto kapelekwa mbali, na shule nyingine anaiona akiwa amekaa barazani kwake. Yule analalamika kwamba mtoto kapangiwa shule mpya isiyo na maabara, na mwenzake wa nyumba ya pili kapata shule kongwe ya mjini. Kelele hupanda mpaka shule zinapofunguliwa Januari, kisha hutulia, na mwaka unaofuata huanza upya na wazazi wengine.

Ninaona tunabishana na karatasi ya mwisho. Hesabu iliyoizaa orodha ilifanywa miezi kadhaa kabla, na ndani yake kata ilichukuliwa kama kipimo cha umbali. Kata si kipimo cha umbali.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004 ulisukuma kila kata iwe na sekondari yake. Lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi wasingekanyaga kidato cha kwanza bila shule za kata. Lakini kata za jiji letu hazilingani hata kidogo. Ngamiani peke yake ina kata tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, na ukizifuata barabara zake za namba unatoka kata hii kuingia ile kwa dakika chache za miguu. Nenda sasa Tongoni, Kirare, Chongoleani au Pongwe. Huko kata moja ina mitaa iliyoachana kwa mashamba, mikoko na vijito, na mtoto anaweza kutembea saa nzima asitoke ndani ya kata yake. Sheria ya "kila mtoto shule ya kata yake" inambana bure mtoto wa Ngamiani, ambaye shule ya kata jirani ingekuwa karibu zaidi. Kwa mtoto wa Kirare haifanyi kitu, kwa sababu shule ya kata yake yenyewe ndiyo iliyo mbali.

Wengi huamini alama ndizo zinazoamua kila kitu. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Wenye alama za juu kabisa huchukuliwa na shule za vipaji kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Wengine huenda shule za ufundi, mojawapo ikiwa Tanga Ufundi, na wengine bweni za kawaida. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, hupangiwa kutwa. Huku kwenye kutwa, kinachoamua zaidi ni nafasi zilizopo na shule ya msingi mtoto aliyomalizia. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtoto anayelala Pongwe lakini akasoma shule ya msingi ya mjini, kwa sababu mama yake anauza mjini na huongozana naye asubuhi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mtoto wa mjini. Mfumo haujui analala wapi. Aliyesoma bweni ya mkoa mwingine naye hupangiwa hukohuko alikofanyia mtihani, na mzazi huanza kuhangaikia uhamisho siku ileile.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Chukua sekondari yenye mikondo minne, yaani madarasa manne, ya kidato cha kwanza. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 darasani, nafasi ni 160. Tuseme shule za msingi zinazoilisha zinatoa wanafunzi 210 waliofaulu. Watoto 50 lazima waende kwingine, au madarasa yajazwe mpaka mwalimu akose pa kupita. Ugomvi wote wa Januari unahusu hao 50: wachaguliwe vipi?

Jibu linalotoka mdomoni haraka ni kwamba wa karibu wabaki na wa mbali waondoke. Linaonekana la haki, lakini linaumiza. Tazama watoto wawili. Wa kwanza yuko kilomita 1 kutoka shule A na kilomita 2 kutoka shule B. Wa pili yuko kilomita 3 kutoka A na kilomita 7 kutoka B. Nafasi imebaki moja shule A. Ukimpa wa kwanza kwa kuwa ndiye jirani, wa pili atatembea kilomita 7. Ukimpa wa pili, wa kwanza ataongezewa kilomita moja tu, na hakuna atakayetembea zaidi ya 3. Kwa hiyo kinachofaa kupimwa ni tofauti: mtoto huyu akikosa shule hii, ataongezewa mwendo kiasi gani? Mwenye tofauti kubwa apewe kwanza. Hesabu hii mwalimu yeyote anaifanya kwenye daftari la mistari kwa safu tatu, na inamaliza mabishano mengi kwa sababu kila mzazi anaweza kuisoma na kuikagua.

Umbali wenyewe upimwe kwa njia anayopita mtoto. Mstari ulionyooka kwenye ramani haufai kwa mji wenye ghuba, reli na barabara kuu. Pima kwa baiskeli au kwa simu, kutoka katikati ya mtaa mpaka geti la shule. Andika mahali anapovuka barabara ya Segera, ya Horohoro au ya Pangani, na kama hapo pana kivuko cha waenda kwa miguu. Pima tena wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kuna njia za mkato zinazopunguza mwendo wakati wa kiangazi, mvua zikinyesha zinageuka kidimbwi na mtoto analazimika kuzunguka. Mtoto wa kidato cha kwanza hutembea kama kilomita 4 kwa saa. Kama usafi unaanza saa 1:00 asubuhi, aliye kilomita 5 anatakiwa awe ameshatoka nyumbani saa 11:45 alfajiri, gizani. Na hapo mtu anauliza kwa nini wasichana wanapanda bodaboda za bure.

"Si apande daladala?" Apande, lakini kwanza tuone gharama. Nauli ya mwanafunzi kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ni shilingi 200 kwa safari, na mwaka wa masomo una siku 194. Kwenda na kurudi ni 400 kwa siku, sawa na 77,600 kwa mwaka. Anayebadilisha gari katikati hulipa mara mbili, 155,200. Ada ya sekondari ya kutwa iliyofutwa mwaka 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Yaani mtoto kupangiwa shule ya daladala moja tu ni kumrudishia mzazi mzigo unaokaribia mara nne ya ada aliyosamehewa, na mzigo huo hauonekani kwenye waraka wowote.

Tena kulipa si kupanda. Mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 hulipa 600 kwa viwango hivyohivyo, kwa hiyo kila mwanafunzi anayekaa ni 400 zinazompotea konda anayesaka hesabu ya tajiri, yaani fedha ya kumpelekea mwenye gari kila siku. Ndiyo maana asubuhi gari hupunguza mwendo, konda akiona sare, dereva huondoka. Mtoto hufika amechelewa, na adhabu ya kuchelewa anapewa yeye. Wazazi wa kituo kimoja wakipeana zamu ya kusimama kituoni asubuhi, wakaandika namba ya gari, njia na saa, na orodha hiyo ikapelekwa LATRA na kwa viongozi wa njia husika, hali hubadilika. Malalamiko ya jumla kwamba "makonda wanawakataa watoto" hayampati mtu.

Baiskeli ni jibu ambalo Tanga tunalo miguuni na tunalisahau tukianza kuzungumza shule. Mji ni tambarare, watu wazima wanaenda kazini nazo, na kilomita 5 ni nusu saa. Kinachokwamisha huwa kidogo: shule haina kibanda chenye mabomba ya kufungia kufuli, baiskeli inaibwa au inapigwa jua siku nzima mpaka tairi zinapasuka, na mtoto akipata pancha hana viraka wala pampu. Kibanda cha bati, mabomba ya chuma yaliyofukiwa kwenye zege na pampu moja ya miguu kwa mlinzi ni gharama ndogo kuliko mjadala tunaouendesha kila mwaka. Bodi ya shule inaweza kulipitisha jambo hili kwenye kikao kimoja.

Pale ambapo umbali umeshindikana kabisa, watoto hupanga mageto, yaani vyumba vya kuishi peke yao, karibu na shule. Mtoto wa miaka 14 anapika mwenyewe, analala bila mtu mzima, mlango wa kitasa kibovu. Halmashauri inayompanga mtoto kilomita 10 bila hosteli inajua matokeo yake, na sioni sababu ya kulizunguka hilo.

Upande wa pili wa ugomvi ni shule mpya, na hapa wazazi nasi tuna sehemu yetu. Shule ikifunguliwa, wanaoishi jirani nayo hukimbilia majina ya zamani. Ruzuku ya sekondari huhesabiwa kwa kichwa, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Shule ya wanafunzi 80 ina shilingi milioni 2 kwenye hesabu, ya wanafunzi 800 ina milioni 20. Mlinzi, umeme na maji ni vilevile. Kila mzazi anayemwondoa mwanawe anaipunguzia shule nguvu, mwalimu wa fizikia anazidi kuchelewa kupangwa, na mzazi anayefuata anapata sababu ya kukimbia.

Lakini hofu yao haitokani na hewa. Shule nyingi huanzishwa vibaya: wanafunzi wa kidato cha pili wanahamishwa katikati ya kozi ili kujaza madarasa, maabara iko kwenye msingi, matundu ya vyoo hayatoshi. Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Hesabuni siku ya kufungua. Utaratibu unaotuliza watu ni kuanza na kidato cha kwanza pekee, kutomhamisha aliyekwisha kuanza shule nyingine, kuwaweka ndugu wa nyumba moja pamoja mzazi akiomba, na kutangaza mapema ni walimu gani wa hisabati na sayansi watakaokuwepo Januari.

Marekani walipitia ugomvi huu wa nani asome wapi kwa uchungu mkubwa kuliko wetu, kwa kuwa lao lilikuwa la rangi. Mahakama ya Juu ilikataza ubaguzi wa shule mwaka 1954, na mwaka 1971, katika shauri la Charlotte, ikaruhusu watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike. Boston ilianza Septemba 1974 kwa amri ya jaji Garrity, na mabasi yaliyoingia South Boston yalipigwa mawe. Miezi miwili kabla, kwenye shauri la Detroit, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba vitongoji vya nje vilivyokuwa na wilaya zao za shule visiingizwe kwenye mpango bila ushahidi kwamba navyo vilibagua. Hivyo mzigo wa kupanda basi ukawaangukia maskini wa mjini, weusi na weupe, na wenye uwezo wakakaa nje ya mstari. Hapa kwetu mstari huo ni basi la njano la shule binafsi. Linamchukua mtoto Raskazone na Chumbageni mlangoni kwao, na mzazi wake haji kwenye kikao cha kata. Wanaobaki kugombania nafasi ni wale ambao shilingi 400 ya siku ni mboga.

Kwa hiyo pa kwenda ni wapi, na lini? Ukishapangiwa, uhamisho ndani ya halmashauri huanza kwa kupata uthibitisho wa nafasi kutoka kwa mkuu wa shule unayoitaka, kisha shule uliyopangiwa, kisha Afisa Elimu Sekondari. Ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine, mkoa unaingia. Mpeleke mtoto aripoti alikopangiwa wakati unasubiri. Akikaa nyumbani anakosa masomo na jina lake linakuwa tatizo jingine. Kwa wa shule ya msingi, hakikisha uhamisho umefanyika pia kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Mtoto aliyehamishwa kwa mdomo hugundulika wakati wa kusajili mtihani wa darasa la nne au la saba, muda ukiwa umeshakwisha.

Ila mahali penye nguvu ni kabla ya Septemba, halmashauri inapofanya maoteo ya wanafunzi na madarasa. Kamati za shule za msingi ziandae ukurasa mmoja kwa kila shule: mtaa, idadi ya watoto wa darasa la saba wanaolala hapo, umbali wa njia hadi sekondari mbili za karibu, na tofauti yake. Majina hayahitajiki. Upitishwe kwenye mkutano wa mtaa ili uwe na muhtasari, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na nakala ipelekwe kwa Afisa Elimu Sekondari na saini ya kupokelewa iwekwe juu yake. Kata mbili zinazopakana zikikaa pamoja ni bora zaidi, maana wanaoumia wengi wako mpakani.

Kwa Januari 2028 jambo hili haliwezi kusubiri. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na waliokuwa la nne mwaka huohuo 2024 watamaliza la saba mwaka 2027 vilevile. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa yao yanatakiwa yawe kwenye bajeti inayoanza Julai 2027, ambayo madiwani huijadili miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Ukurasa wa mtaa wako kwa mwaka huo uwe na safu ya ziada ya watoto watakaokuwa darasa la sita, na ufike mezani kwa diwani kabla ya Desemba 2026.