Laptop ya zamani isiyo na neti
Jamani wenye laptop za zamani msizitupe! Dada yangu hapa Ujiji anayo ya 32-bit (aina ya prosesa za zamani), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 1GB, neti hana kabisa, anatunzia hesabu za dagaa tu. Ubuntu ya sasa, ule mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta, haiingii, 32-bit walishaiacha kitambo. Nikaanza na Puppy, Linux nyingine, aisee nyepesi kweli, inapanda yote kwenye RAM, ila niliyopata haikuwa na LibreOffice (programu za ofisi kama Word na Excel) na mafaili ya dada yote ni ya huko. Nikaweka antiX 23, nayo ni Linux, ile full, inatokana na Linux ya Debian 12, LibreOffice imo humo humo, na kwa mashine isiyo na neti hilo ndo la kuangalia kwanza kabla hata ya wepesi, maana kisichokuwemo kwenye ISO (faili la kuwekea mfumo) utakihangaikia kwa flashi mpaka uchoke. Nimefurahi mno, anachapa kazi vizuri!