Mkono wa Kulia

Leo ni Jumapili ya mwisho ya rotesheni yangu, yaani majuma manne ya mafunzo ya vitendo ya mwanafunzi wa udaktari, katika hospitali ya jeshi ya Brooke, iliyomo ndani ya kambi ya Fort Sam Houston mjini San Antonio, Texas, na kabla sijafunga begi ninataka kuandika jambo lililonipata asubuhi ya siku ya pili kwenye maegesho ya magari. Halikuchukua hata nusu dakika, lakini nimetembea nalo majuma yote manne.

Nilikuwa nimeshuka garini, mkono wa kulia nimeshika kikombe cha kahawa, wa kushoto simu, kombati yangu ingali na mikunjo ya dukani, na katikati ya kifua nimebandika kile kitambaa kidogo chenye alama ya luteni usu. Sajini mmoja wa makamo alitokea upande wa pili, akaiona alama, akapiga saluti bila kupunguza mwendo. Kanuni inanitaka niijibu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa na kahawa. Nikafanya lililonijia: nikakiinua kikombe, mithili ya muuza kahawa anayemwita mteja barazani. Sajini akasimama. Hakucheka, ingawa ninaamini kicheko kilimfika kooni. “Afande,” alisema (kwa Kiingereza alitamka neno la heshima wanalompa ofisa mwanamke, lakini kichwani mwangu lilisikika hivyo), “mkono wa kulia hatuubebeshi kitu.” Kisha akaenda zake.

Bibi yangu wa Tanga alikwishaniambia neno linalofanana na hilo nikiwa na miaka minne, kwa sababu zake mwenyewe: wa kulia ni wa kula, wa kupokea na wa kuwasalimia wakubwa. Nilivuka bahari na mama nikiwa na miaka tisa, tukapata uraia wa Marekani, nikafika hadi mwaka wa nne wa udaktari, kumbe somo la mkono bado sijalifaulu.

Ndugu wa nyumbani huniuliza nimeingiaje jeshini ilhali ninasoma udaktari. Jibu fupi ni ada: jeshi linanidhamini masomo. Udhamini huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1972, ile ile iliyoanzisha chuo kikuu cha udaktari cha majeshi kule Bethesda, Maryland, wakati Marekani ilipokuwa ikielekea kuacha kuandikisha watu jeshini kwa lazima, madaktari wakiwemo. Ulazima ulikoma mwaka 1973, na jeshi likahitaji njia nyingine ya kupata waganga wake. Serikali hulipa ada yote ya chuo cha kiraia unakosoma, hukupa posho ya kila mwezi, na kila mwaka uliolipiwa huurudisha kwa mwaka mmoja wa utumishi. Mimi nimelipiwa minne, ninadaiwa minne. Wenzetu wa Bethesda hulipwa mshahara wa ofisa tangu wanapoanza masomo, nao hudaiwa saba. Miaka ya kusomea ubingwa katika hospitali ya jeshi haipunguzi deni, jambo ambalo nilimweleza mama mara tatu kabla hajaacha kuliuliza.

Mama hutunza wazee kwenye nyumba moja ya Houston, na habari hii hakuipenda. “Mwanangu, deni la fedha hata ndugu huchanga wakalilipa,” alisema. “Hili la miaka atakulipia nani?” Mjomba, aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania enzi za mujibu wa sheria, vijana walipokwenda kwa lazima, kabla ya utaratibu ule kusitishwa mwaka 1994, ndiye aliyeniunga mkono, kwa kejeli: yeye alilima mahindi na kukimbia mchakamchaka alfajiri bila kusomeshwa hata kufunga jeraha, sasa mimi ninalipiwa ada halafu mnalia msiba?

Kwa sehemu kubwa ya mwaka sisi ni raia wenye cheo kabatini. Tunavaa sare siku 45 tu kila mwaka wa fedha, nao mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, ndiyo maana wanafunzi wengi wa mwaka wa nne hujipanga kufanya rotesheni moja kabla ya tarehe hiyo na nyingine baada yake, ili waonekane katika hospitali mbili. Kiangazi cha baada ya mwaka wa kwanza mimi nilizitumia siku zangu kwa mafunzo ya uofisa hapa hapa San Antonio, kwata, dira na mahema. Mwaka wa tatu sikwenda popote. Nilibaki chuoni kwa amri ya kubaki chuoni, ambayo ni namna ya kuwa jeshini bila kutoka sebuleni kwako. Mwaka huu amri yangu ya safari ilichelewa katika ofisi ambayo sitaitaja, nami nikapanda ndege nikiwa na karatasi iliyotiwa saini siku mbili kabla. Nimeambiwa kwamba hiyo nayo ni sehemu ya mafunzo.

Rotesheni ya mwaka wa nne huitwa masomo, lakini kila mtu anajua kuwa ni usaili wa majuma manne. Ninaomba ubingwa wa tiba ya dharura, unaofundishwa hapa kwa pamoja na Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Anga, na mwezi ujao nitakwenda Madigan, hospitali nyingine ya jeshi karibu na Tacoma, jimbo la Washington, kuonekana huko pia. Wanafunzi wa kiraia husubiri majibu yao hadi Machi. Sisi huambiwa Desemba, na ukikosa nafasi, jeshi linaweza kukupa mwaka mmoja wa utarajali, kisha likakupeleka kikosini ukawe daktari wa kawaida wa askari wazima, ubingwa ukusubiri. Kuna wanaoipenda njia hiyo. Mimi huiota nikashtuka.

Lakini kilichonisumbua hapa si Desemba. Ni saluti. Kila nilichonacho nimepewa kabla sijakifanyia kazi: ada, posho, na cheo pia, maana nitabaki luteni usu hadi nihitimu, na siku hiyo nitaruka hatua ya luteni kamili niwe kapteni, bila kuongoza hata gwaride la watu watatu. Deni la ada nimelizoea kwa sababu lina hesabu. Heshima ya kukopeshwa haina. Mtu aliyefunga majeraha ya wenzake vitani ananipigia saluti mimi, ambaye siruhusiwi kuandika hata dawa ya maumivu bila saini ya mkubwa wangu.

Sajini wa maegesho nilimkuta tena juma la pili. Alikuwa anafundisha kuzuia damu kwa mkanda, kwenye sanamu la mguu linalomwaga maji mekundu. Nilifunga mkanda juu ya jeraha, nikazungusha kijiti mara mbili, maji yakapungua, nikatazama juu nikisubiri sifa. Yeye aliinama, akaniuliza taratibu kama damu imepungua au imekoma. Nikazungusha tena, hadi viganja vikauma. Imekoma. “Mapigo ya mguuni?” Sikuwa nimeyapima. Nikayapima. Hakuna. “Sasa ni saa ngapi?” Nikamtajia. “Mgonjwa wako atasafirishwa, nawe utabaki. Huyo atakayempokea atajuaje?” Ndipo nilipoandika saa kwenye mkanda, kwa kalamu aliyokuwa ameishika tangu mwanzo, akisubiri niiombe. Wakati wote huo aliniita afande. Hakukuwa na dhihaka katika neno hilo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwani nadhani alikuwa akiliheshimu lile deni kuliko mimi mwenyewe: anajua kwamba siku moja nitakuwa daktari wa kikosi cha vijana wake, na anataka nifike huko nikiwa ninajua kuandika saa.

Hospitali hii hupokea pia raia wa mjini, wenye ajali za barabarani na wenye risasi, na sababu ni ya kivitendo kabisa: daktari wa vita asiyeshika majeruhi wakati wa amani mikono yake huota kutu. Faida huenda pande zote mbili. Kuwapa majeruhi damu nzima badala ya sehemu zake zilizotenganishwa ni desturi ambayo jeshi liliirudisha katika vita vya Irak na Afghanistan, na tangu mwaka 2018 huduma za dharura za eneo hili la Texas huibeba damu hiyo hadi barabarani, mgonjwa akaanza kuongezewa kabla ya kufika hospitali. Nimeuona mfuko mmoja ukiingia hivyo, nusu umekwisha, na mwenyewe anaongea.

Ijumaa nilipewa mgonjwa mmoja mzee, mwanajeshi mstaafu, aliyejikata kiganja cha kulia kwa msumeno wa kupogolea miti. Nilipima hisia za kila kidole, nikamwomba avikunje kimoja kimoja, nikaosha jeraha kwa maji mengi kuliko alivyotarajia, nikachoma ganzi, nikaanza kushona huku daktari wangu amesimama nyuma. Mzee alikuwa akinitazama kifuani, pale penye kitambaa.

“Wanakudai miaka mingapi?” akauliza.

Hakuuliza ninatoka wapi, swali ambalo kwa lafudhi yangu nimelizoea. Nikamwambia minne. Akahesabu nyuzi zangu kwa macho, zikiwa tano wakati huo. “Mimi nilisema mitatu,” akasema. “Nilitoka baada ya ishirini na miwili.” Sikujua kama ananionya au ananikaribisha, na nilikuwa na uzi mkononi, kwa hiyo sikuuliza.

Nilimaliza kwa nyuzi nane. Daktari wangu aliitaka ile ya sita niifungue na kuirudia, nikairudia, na mzee akasubiri kwa subira ya mtu aliyewahi kushonwa na wanafunzi wengi. Nilimfunga bendeji nene, nikamweleza siku ya kurudi, nikaokota karatasi zangu. Mkono wa kulia wangu ulikuwa huru, tayari, kama nilivyofundishwa. Wa kwake ulikuwa umefungwa mpaka kifundoni. Akanyoosha wa kushoto.

Nilisita kidogo, kwa ajili ya bibi. Kisha nikazihamishia karatasi kulia, nikampa wa kushoto.